Bima gani isiyomjua mkodishaji wa viti wa Bwaise?

JUMAMOSI moja ya Desemba 2023, kwenye sherehe ya kwanjula nje kidogo ya Kampala, upepo wa ghafla uliinua hema la watu mia moja lililokuwa limejaa wageni wa upande wa muoaji. Nguzo ya chuma ikamwangukia mzee mmoja begani. Hema lile lilikuwa letu, mimi na mke wangu. Tulilikodisha asubuhi ile kwa shilingi 150,000.

Mzee alikimbizwa hospitali na sherehe ikaendelea. Jioni, vijana wetu wakiwa wanakusanya viti, wazee wa familia zote mbili waliniita pembeni. Waliuliza kwa upole, maana Muganda hapendi kugombana na mtu kwenye sherehe: "Mwalimu, huyu mzee atatibiwa na nani?" Sikuwa na jibu. Mke wangu ndiye aliyeninong'oneza, "Si tulikatwa bima kwenye ule mkopo?"

Tulikatwa kweli. Mahema manne na viti 300 tulivinunua kwa akiba yetu na mkopo wa shilingi milioni 14, na siku ya kutia saini karani alitueleza kwamba kiasi fulani kinabaki kwa ajili ya bima. Tulifurahi. Usiku ule nilitoa faili na kuzisoma kurasa zile kwa mara ya kwanza. Kilichokatiwa bima kilikuwa uhai wangu, na fidia ilikuwa iende kwa mkopeshaji kumaliza deni. Yaani nguzo ingeniangukia mimi nikafa, bima ingelipa. Ilimwangukia mgeni, basi.

Kosa la kutosoma lilikuwa langu, na kwa mwalimu hiyo ni aibu mara mbili. Hata hivyo, tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza mawakala wa bima na wenzangu wa kazi hii, na nimeona kwamba hata kama ningesoma kila mstari, bima ya kunifaa nisingeipata kwa urahisi. Bima inayouzwa mjini hapa imetengenezwa kwa ajili ya mali inayokaa mahali pamoja. Mali yetu haikai.

Msomaji asiyeijua Bwaise ajue kwamba hapa, katika Divisheni ya Kawempe, kando ya barabara ya Bombo, ndipo zinapotoka sherehe nyingi za Kampala kabla hazijafika kwa wenyewe. Yuko mwenye viti, mwenye mahema, mwenye spika na jenereta, mama mwenye masufuria makubwa ya kupikia matoke, mpambaji, mshereheshaji, na fundi wa kuchomelea nguzo zilizopinda. Ijumaa jioni pikapu hupakiwa mpaka viti vinagusa nyaya za umeme. Jumapili usiku vinarudi vikiwa na matope na mchuzi. Kati ya Jumatatu na Alhamisi mali iko stoo, chumba cha kupanga chenye mlango wa bati.

Sasa chukua hati ya kawaida ya bima ya moto kwa biashara. Inataja jengo na mtaa, kisha inasema mali iliyomo humo ikiungua utalipwa. Viti vyangu vikiungua Jumamosi uani kwa baba wa bibi harusi, havimo humo. Vikimwagika barabarani, hiyo inaitwa bima ya mali iliyo safarini, na ni hati nyingine. Hema likimwumiza mtu, hiyo ni bima ya dhima, yaani ya kulipa madai ya watu wengine uliowaumiza au kuwaharibia mali, nayo ni hati ya tatu. Ipo pia bima inayoifuata mali popote iendapo, lakini ada yake ni kubwa zaidi, na wakala atataka risiti za kila kitu. Nani Bwaise ana risiti ya kiti alichonunua kwa jirani aliyefunga biashara?

Yako pia mambo ambayo wakala hayasemi mpaka siku ya hasara. Tuseme mali yako ina thamani ya shilingi milioni 20, na ili kupunguza ada ukaikatia bima ya milioni 10. Ukipata hasara ya milioni 4 utadhani utalipwa milioni 4, kwa kuwa iko chini ya milioni 10. Hapana. Kampuni itasema ulikata bima ya nusu ya mali, kwa hiyo italipa nusu ya hasara, milioni 2, kisha itoe kile kiasi cha kwanza ambacho kila mwenye bima hubeba mwenyewe. Kanuni hii ni halali na ya zamani, tena ina mantiki yake, ila imeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni kwa lazima. Mimi ninakifundisha. Hati ya bima iliyoandikwa kwa Kiswahili, au hata kwa Kiganda, bado sijaiona.

Mimi mwenyewe nilikulia nje. Baba alikimbia Uganda mwaka 1985 nikiwa na miaka sita, nami nikasomea Mwanza. Wakati ule Tanzania Bara nzima ilikuwa na mwuzaji mmoja tu wa bima, Shirika la Bima la Taifa, na kwetu wanafunzi bima ilikuwa jambo la magari na la serikali. Niliporudi Kampala mwaka 2003 nilikuta kampuni nyingi, lakini mtu wa kawaida bado anaijua bima kwa ile stika ya gari, inayolazimishwa na sheria ya mwaka 1989, inayonunuliwa ili askari wa barabarani asisumbue. Si ajabu kwamba ada zote za bima nchini bado ziko chini ya asilimia 1 ya pato la taifa.

Katika hasara zetu, iliyo kubwa kuliko zote ni maji. Bwaise iko bondeni. Maji ya vilima vya jirani hushuka kwa mifereji ya Nsooba na Nakamiro kwenda Lubigi, na lilikokuwa eneo oevu la kuyapokea pamejengwa nyumba, maghala na ile barabara ya mzunguko wa kaskazini iliyofunguliwa mwaka 2009. Mfereji mkubwa wa Lubigi ulipanuliwa mwanzoni mwa miaka ya 2010 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na mafuriko yakapungua kwa baadhi ya mitaa. Hayakwisha. Kila Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba, watu wanainua vizingiti vya milango kwa matofali na kupandisha magodoro juu ya meza. Kiti cha plastiki kikizama unakiosha. Spika ikizama umepoteza, na kitambaa cha mapambo kikikaa siku mbili kwenye maji yale hakuna sabuni itakayokitoa harufu. Mvua za Novemba ndizo mbaya kwetu, kwa kuwa Desemba ndio mwezi wa kwanjula na harusi. Anayepoteza vifaa Novemba anaingia msimu mikono mitupu.

Je, bima italipa? Hati ya moto peke yake haigusi mafuriko. Lazima yaongezwe kwa jina na kwa fedha zaidi, na wakala akisikia neno Bwaise, ama anaongeza ada hadi haina maana, ama anaondoka. Zamani nilimwona mtu wa namna hiyo kuwa mbaguzi. Siku hizi namwelewa. Bima ni kuchangia hasara ambayo huenda ikatokea kwa wachache. Hasara inayowapata watu wa mtaa mzima kila masika haichangiki, kwa sababu hakuna anayebaki kavu wa kumchangia mwenzake. Kwa maji ya Bwaise, hati ya kwanza ya bima ni mfereji uliozibuliwa, na mwenye wajibu huo ni Mamlaka ya Jiji la Kampala, pamoja na sisi wenyewe tunaotupa taka humo usiku.

Kwa hasara nyingine sisemi hivyo. Upepo, ajali ya pikapu, wizi, moto wa jenereta na bega la mzee wa watu vinaweza kabisa kukatiwa bima, kwa sababu haviwapati wote kwa siku moja. Na uzito wake tumeuona. Usiku wa kuamkia Januari 1, 2023, kwenye jumba la biashara la Freedom City katika barabara ya Entebbe, watu wasiopungua 9, wengi wao watoto na vijana, walikufa katika msongamano wa kutoka kutazama fataki. Waandaaji walifikishwa mahakamani. Bima haimwokoi mtu na kesi ya jinai, wala haipaswi. Inachoweza ni kuhakikisha kwamba familia ya aliyeumia au kufa inapata fidia hata kama mwandaaji hana kitu. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo sababu ya kuitaka: yule mzee hakupaswa kutegemea kama mwezi ule mwalimu amepata mshahara.

Kuhusu korona, sina maneno mengi. Machi 2020 Rais alisimamisha mikusanyiko na harusi zikaruhusiwa watu 10. Matamasha yalirudi Januari 2022. Wenzetu waliuza viti kwa bei ya kutupa. Hata waliokuwa na bima ya biashara kwa kawaida wasingepata kitu, kwa sababu bima ya kusimama kwa biashara hulipa mali ikiharibika, na viti vilikuwa vizima, vimekaa tu. Klabu inayoandaa tenisi ya Wimbledon, Uingereza, ilikuwa imelipia kwa miaka mingi bima iliyotaja magonjwa ya mlipuko, na mashindano ya 2020 yalipofutwa ikalipwa zaidi ya pauni milioni 100. Wao wana mawakili wa kusoma hati. Sisi tuna Nnalongo.

Nnalongo ni mwenyekiti wa kikundi chetu cha munno mukabi, yaani rafiki wa wakati wa shida. Vikundi hivi viko kote Buganda. Wanachama huchanga kila wiki, na mwanachama akifiwa hupata fedha, chakula, watu wa kupika, na hema na viti bila malipo. Ndiyo maana vikundi vingi vina mahema yao na masufuria yao, na huyakodisha kwa wasio wanachama ili kuongeza mfuko. Nimefundisha watoto miaka zaidi ya 20 na sijawahi kupata mfano mzuri zaidi wa bima kuliko huu. Watu wanaoambiwa hawana utamaduni wa bima wamekuwa nayo tangu enzi za babu zao, isipokuwa yao inalipa siku ile ile, na anayelipa anamjua marehemu.

Upungufu wake ni ukubwa. Mfuko wa Nnalongo unabeba msiba, haubebi bega lililovunjika lenye upasuaji na miezi ya mazoezi. Hapo ndipo kampuni ingeingia, juu ya kikundi, si mahali pake. Sheria ya Bima ya mwaka 2017 inatambua bima ndogo kwa watu wa kipato cha chini. Ninachokitaka ni hati moja ya kikundi, inayohesabu siku za sherehe badala ya mwaka mzima, na ada yake iingizwe katika bei ya kukodi. Mteja anayelipa 150,000 kwa hema hatashtuka akiona 155,000. Ada ya mwaka mzima, inayodaiwa kwa mkupuo kabla hati haijaanza kazi, haiwezekani kwa mtu ambaye Kwaresima yote hapati harusi.

Serikali nayo isiseme haiwezi. Mwaka 2016 ilianzisha mpango wa bima ya kilimo, ikatenga shilingi bilioni 5 kwa mwaka, na mkulima mdogo akalipiwa nusu ya ada. Sipingi hata kidogo. Lakini bima yangu ya mali na dhima itatozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, wakati mkulima anaongezewa. Yule kijana anayepakia viti Ijumaa usiku ni mtoto wa mkulima huyo huyo.

Kampuni nazo zina haki ya kutuuliza maswali. Siku ya upepo ule, vijana wangu hawakupigilia vigingi vyote, kwa kuwa ua lilikuwa la zege. Walifunga kamba mbili kwenye mawe. Mkaguzi wa bima angeliona hilo asubuhi, na angekuwa sahihi kukataa.

Mzee tulimlipia kwa awamu tano, ya mwisho Mei 2024. Nnalongo alitoa moja kati ya hizo kwenye mfuko, baada ya mjadala mrefu, kwa sharti kwamba nitafute wakala atakayekubali kukaa na kikundi. Nilimpata mmoja. Alikuja Jumatano, alisikiliza kwa adabu, akahesabu mahema, akaacha fomu. Iko mezani kwangu. Inauliza mali inayokatiwa bima iko mahali gani, na imeacha mstari mmoja tu wa kujaza.