Binti anataka kugandisha mayai: mzazi umjibu nini?

Mama mmoja wa Kasulu ameniandikia ujumbe mrefu kuhusu binti yake mwenye miaka 33, mhasibu Dar es Salaam, ambaye hajaolewa. Alipokuja nyumbani likizo ya Krismasi alimwambia mama yake kuwa anafikiria kugandisha mayai yake ya uzazi ili aje azae baadaye. Mama anauliza: "Huu ni uzungu tu, au kitu hicho kipo kweli? Nimkataze?"

Kitu hicho kipo, mama yangu, wala si kigeni sana. Mtoto wa kwanza aliyetokana na yai lililogandishwa alizaliwa Australia mwaka 1986. Kwa miaka mingi baada ya hapo kazi hiyo ilikuwa ngumu, kwa sababu yai lina maji mengi, na likigandishwa polepole barafu hujitengeneza ndani yake na kuliharibu. Siku hizi hugandishwa kwa ghafla na kutunzwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Mwaka 2012 chama cha wataalamu wa uzazi cha Marekani kiliacha kuiita huduma hii ya majaribio.

Kwa nini binti afikirie jambo hili? Mtoto wa kike huzaliwa na mayai yake yote, takribani milioni moja hadi mbili. Akivunja ungo yamebaki kama laki tatu au nne, na yanaendelea kupungua kila mwezi, awe anazaa au hazai. Kuanzia miaka ya kati ya 30 kasi huongezeka, na mayai yanayobaki huwa dhaifu zaidi. Yai lililogandishwa akiwa na miaka 33 hubaki la miaka 33, hata akilitumia akiwa na 40.

Kazi yenyewe huenda hivi. Binti huchomwa sindano za homoni kila siku kwa karibu wiki mbili ili mayai mengi yakomae kwa mara moja. Daktari humfuatilia kwa utrasaundi. Siku ikifika hupewa dawa ya usingizi, na mayai huvutwa kwa sindano nyembamba inayopita ukeni. Wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo, tumbo likiwa limejaa kidogo. Wachache huvimba ovari kupita kiasi na kuhitaji matibabu, hivyo asirudi kukaa peke yake chumbani bila mtu wa kumwangalia.

Sasa sikiliza sehemu ambayo matangazo huipitia haraka. Wewe wa Kasulu unajua kutunza maharage ya mbegu. Unachagua yaliyo mazuri, unayakausha, unayaweka mbali na wadudu, na bado ukipanda si yote yanayoota. Mayai nayo ni hivyo. Mengine hayavuki salama yanapoyeyushwa, mengine hayarutubiki, mengine hurutubishwa lakini mimba haishiki. Ndiyo maana huvunwa mengi, na wakati mwingine zoezi hurudiwa. Kugandisha mayai kunamwongezea nafasi ya kupata mtoto, hakumhakikishii. Tena yai halizeeki ila mwili unazeeka: mimba ya miaka 42 ina hatari zaidi ya presha na kisukari kuliko ya miaka 30.

Huduma hii usiitafute Kasulu wala Kibondo. Hufanywa na vituo vya upandikizaji mimba, ambavyo vipo Dar es Salaam, na kwa majirani wamefika mapema: Uganda ilipata mtoto wake wa kwanza wa upandikizaji mwaka 2004, Kenya mwaka 2006. Gharama ni mamilioni ya shilingi, kisha kuna ada ya kuyatunza, na kuna gharama nyingine siku ya kuyatumia. Binti aulize zote tatu kabla ya kulipa ya kwanza. Aulize pia kituo kimepata watoto wangapi kutokana na mayai yaliyogandishwa, na mayai yatakuwa ya nani akifariki. Kama familia yenu ni ya Kikatoliki, ajue mapema kuwa Kanisa halikubali mimba inayotungwa maabara.

Kwa hiyo mama, usimkataze. Ana miaka 33, fedha ni zake, na amekuja kwako kabla ya kwenda kwa daktari. Usimjibu kwa habari za mahari wala za binti wa jirani mwenye watoto wanne. Muulize tu: unataka kusubiri nini, na kwa muda gani? Kama ana mchumba na wanachosubiri ni nyumba iishe, pengine kuzaa sasa ni rahisi kuliko sindano zote hizo. Kama hana, ni haki yake kujiwekea akiba.

Kuna binti mwingine ambaye kwake jambo hili si la kufikiria hadi likizo ijayo. Ni yule wa Kibondo mwenye miaka 26, aliyekutwa na saratani ya titi au ya damu, na amepewa rufaa kwenda Bugando au Ocean Road. Dawa nyingi za saratani huua seli zinazokua haraka, na baadhi huharibu mayai pia. Mionzi ya nyonga nayo hufanya hivyo. Familia huuza ng'ombe, hushukuru Mungu binti amepona, halafu miaka mitano baadaye akiolewa ndipo wanagundua kuwa hedhi haikurudi.

Mzazi unayemsindikiza, uliza kabla ya dozi ya kwanza: "Daktari, dawa hii itagusa uzazi wake? Kuna la kufanya kabla hatujaanza?" Wakati mwingine jibu litakuwa kwamba ugonjwa hausubiri, na uhai utangulie. Wakati mwingine wiki mbili zinapatikana, au mayai yanaweza kukingwa na mionzi, au dawa nyingine ikachaguliwa. Hata kama fedha za kugandisha hazipo, swali halilipiwi, na binti ana haki ya kujua kinachomngoja. Kwa kijana wa kiume aliyebalehe ni rahisi zaidi: mbegu zake hutolewa bila upasuaji na kugandishwa kabla ya tiba.

Na kwa mabinti wengi wa kwetu, ambao hayo mamilioni hawatayaona, uzazi hulindwa kwenye zahanati ya kata. Kisonono na klamidia zisipotibiwa huziba mirija, na binti anaweza kuwa nazo bila dalili yoyote. Akilalamika maumivu chini ya kitovu au uchafu usio wa kawaida, apimwe wiki hiyohiyo, na mwenzake atibiwe pia. Mama, asione aibu kukwambia. Hilo linategemea jinsi ulivyompokea mara ya kwanza alipokuja na swali.

Wiki ijayo tutawageukia akina baba: ndoa ikikosa mtoto, kwa nini mume naye apimwe tangu siku ya kwanza.