Nani aliitengeneza ile ndoo?

Jamani, leo najishtaki mwenyewe. Juzi nilikuwa napekua flashi ya zamani nikakuta filamu yetu ya katuni ya chuo. Dakika mbili tu: binti anakinga maji bombani, anajitwika ndoo, anarudi nyumbani. Mwishoni majina yanapita. Mwongozaji yumo, mwandishi, wachezeshaji wa wahusika, hadi jamaa aliyetuazima kompyuta. Aliyetengeneza vifaa hayumo. Na orodha ile niliiandika mimi.

Utasema, ndoo tu? Ngoja. Kuiunda ndoo kwenye Blender, ile programu huria ya bure, ni kazi ya mchana mmoja. Kasheshe ni kuitia mifupa ili ichezeke. Ndoo ina mabwana watatu. Ikishikwa inafuata kiganja, tena lazima ining'inie, isikakamae kama imegundishwa. Ikitwikwa inafuata kichwa. Ikitua chini haimfuati mtu. Kila inapobadilisha bwana, usipoangalia inaruka: fremu hii iko mkononi, inayofuata iko hewani, na kwa fremu 24 kwa sekunde mtazamaji analiona hilo. Halafu kuna maji. Ndoo ikiinama, uso wa maji unatakiwa ubaki sawa, kwa hiyo unahitajika mfupa mwingine wa kuupinga ule mwinamo. Na kata ya kanga kichwani isipobonyea kidogo, ndoo inaonekana imejaa hewa. Kompyuta haijui kwamba maji ni mazito. Mtu ndiye anayeiambia.

Kazi hiyo tulimtupia mwenzetu mmoja mpole, wiki ya mwisho, vitu vyote kwa mkupuo: ndoo, bomba, kata, mlango wa bati, na baiskeli ya muuza maji. Baiskeli! Pedeli zizunguke, mnyororo ufuate, magurudumu yaendane na umbali. Ndoo ilipokuja ikawa inapindapinda ikizungushwa, tukamcheka. Alikuwa amebadilisha vipimo vyake bila kuvithibitisha kabla ya kuitia mifupa, kosa la mtu aliyekesha. Akaifumua akaanza upya.

Kwenye timu za wanafunzi kila mtu anamtaka mhusika mkuu, maana ndiye wa kuonyesha siku ya kuomba ajira. Walimu nao wanatoa maksi kwa uso unaocheka. Wakati Luxo Jr. ya Pixar, ya mwaka 1986, ni taa za mezani na mpira! Vifaa vitupu, na watu wanaitazama mpaka leo.

Najua mtanijibu kwamba timu ya watu sita haiwezi kumtenga mtu wa vifaa tangu wiki ya kwanza. Sawa. Basi mwandishi apunguze vifaa. Hapo ndipo ninapobanwa, kwa sababu "baiskeli inapita" niliyaandika mimi, maneno mawili, sikufikiri hata dakika. Yeye yalimla siku nne, na baiskeli yenyewe inaonekana sekunde tatu.

Nimeliongeza jina lake nikampigia simu. Siku hizi yuko benki. Alicheka sana, kisha akauliza kama ndoo bado inaruka pale binti anapoinama mlangoni.

Inaruka.