Bodi Haijaungua

"Imeungua" ni hukumu tunayoitoa haraka mno. Mashine ya CNC inachonga ua kwenye mlango, ua linatoka limepinda, mtu anasema bodi imeungua, na mwenye karakana anaanza kutafuta hela ya kuagiza nyingine kutoka China. Mimi nasema mara nyingi bodi ni nzima. Kilichokosekana ni mtu wa kuisoma, na lawama hiyo siipeleki kwa fundi. Naileta kwetu sisi wa vyuoni.

Chukua Grbl, programu inayokaa ndani ya bodi na kuziamuru mota. Aliianzisha Mnorwe Simen Svale Skogsrud mwaka 2009. Msimbo wake uko wazi kwa yeyote, na inatosha kwenye Arduino Uno yenye kilobaiti 32 tu za kuhifadhi programu. Kazi yake ni kugeuza mchoro kuwa mapigo ya umeme. Kwa kila pigo, mota ya stepa inasogea hatua moja. Mota ya kawaida ina hatua 200 kwa mzunguko. Draiva ikiigawa kila hatua mara 8, mzunguko unakuwa mapigo 1,600. Kama skrubu inasogeza milimita 8 kwa mzunguko, milimita moja ni mapigo 200. Namba hiyo ndiyo inayoandikwa kwenye mpangilio wa $100. Ni hesabu ya shule ya msingi.

Mashine ikikosea, uliza kwanza imekosea vipi. Ukiagiza milimita 100 ikaenda 50, ukiagiza 200 ikaenda 100, kosa lina uwiano: $100 haiendani na mgawanyo uliowekwa kwenye draiva. Lakini ikianza vizuri kisha ikapotea katikati ya kazi, mota inapoteza hatua. Huenda mchapuko ulioandikwa kwenye $120 unaizidi nguvu, mkondo ni mdogo, umeme unashuka, au vumbi la mbao limekaza skrubu. Grbl haiwezi kujua, maana inahesabu mapigo iliyotuma tu. Mota haiirudishii taarifa yoyote. Na ikisimama ghafla ikaandika ALARM:1 wakati hakuna kilichogusa swichi ya kikomo, chunguza waya za swichi hiyo. Umeme wa mota ya kisu huzivuruga. Waya zenye kinga, zilizopitishwa mbali na za mota, ni rahisi kuliko bodi mpya.

Nilipopeleka chuoni mada ya tasnifu yangu ya uzamili, nilitaka kukusanya hitilafu za namna hii kutoka karakana za Moshi mpaka Kibosho na Marangu, nizipime, kisha niandike mwongozo kwa Kiswahili. Jibu lilikuwa fupi: ukarabati si utafiti. Nikashauriwa nibuni mashine mpya.

Naielewa hoja yao. Shahada ya uzamili inapaswa kuongeza maarifa. Lakini hebu tuulizane, ni maarifa gani tunayopungukiwa? Mashine za mfano za wanafunzi tunazo. Zinapigwa picha siku ya maonyesho, kisha zinarudi stoo. Tusichokuwa nacho ni rekodi ya kwa nini mashine zilizoko kazini zinasimama. Namba za kuanzia za Grbl hazikuandikwa kwa ajili ya mninga, wala kwa mgrevilea uliokatwa kihambani ukachongwa kabla haujakauka, wala kwa umeme unaopungua nguvu jioni. Kuzipata namba zinazofaa kunahitaji vipimo, kurudia majaribio na kulinganisha. Kama huo si utafiti, nielezwe utafiti ni nini.

Mkoa huu ungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili. Pale Hai kipo kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools, kilichojengwa kwa ushirikiano na Bulgaria ili tutengeneze mashine za kutengenezea mashine. Kilidorora kwa miaka mingi. Sababu hazikuwa moja, ila fundisho moja linatosha hapa: mashine kufungwa kwenye ardhi yako hakuifanyi iwe yako. Sasa tumepewa programu ambayo hatuhitaji ruhusa ya mtu kuifungua, nasi bado tunaitendea kama sanduku lenye kufuli.

Vyuo vyetu vya uhandisi vitoe alama kwa hitilafu iliyotafutwa na kuthibitishwa, kama vinavyotoa kwa ubunifu. Kila tasnifu ya namna hiyo iambatane na kurasa za Kiswahili ambazo fundi anaweza kuzibandika ukutani. Nawe mwenye digrii, ukiitwa karakana kesho, andika $$ na usome namba zote mpaka mwisho kabla hujatamka neno "imeungua" mbele ya mtu ambaye hilo neno litamgharimu mtaji.