Mruko wa Laki Moja

Kijana wa Kidato cha Tatu nchini Tanzania hufundishwa fanksheni kana kwamba ni mzimu: haina mwili, haina makazi, haimdai mtu senti. Anaambiwa atafute kikoa cha f(x) = 1/(x − 3), naye anaandika "namba halisi zote isipokuwa 3", kwa kuwa asili ya sehemu haiwezi kuwa sifuri. Akipewa kipeuo cha pili, anajua kuzikwepa namba hasi. Anapata alama zake mbili, anafunga daftari, na pengine hatalisikia tena neno kikoa mpaka siku atakapotaka kununua jina la tovuti.

Naita hali hiyo hasara ya kisiasa. Fanksheni zenye nguvu kuliko zote katika maisha ya kijana huyo hazimo kitabuni mwake. Zimo katika Sheria ya Kodi ya Mapato, na hakuna anayemfundisha kuzisoma.

Chukueni kodi ya mshahara ya Tanzania Bara kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2021. Mshahara usiozidi shilingi 270,000 kwa mwezi hautozwi. Kutoka hapo hadi 520,000 hutozwa asilimia 8 ya kiasi kinachozidi 270,000. Kutoka 520,000 hadi 760,000 hutozwa 20,000, pamoja na asilimia 20 ya kinachozidi 520,000. Kisha huja asilimia 25, na juu ya milioni moja, asilimia 30. Hii ni fanksheni moja iliyoandikwa kwa vipande vitano, na swali la kuiuliza ni hili: vipande vinaungana? Penye 520,000 kipande cha pili kinatoa asilimia 8 ya 250,000, yaani 20,000, na papo hapo ndipo kipande cha tatu kinapoanzia. Grafu inapinda lakini haikatiki. Basi mtumishi anayeogopa kupandishwa daraja, ati kodi itaimeza nyongeza yote, anaogopa kivuli chake. Nimewasikia wenye shahada mbili wakiirudia hofu hiyo, na hesabu walifaulu.

Sasa tushuke sokoni. Katika jedwali la kodi ya makadirio lililowekwa mwaka 2019, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi milioni 4 halipi. Yakizidi milioni 4 hadi 7, asiye na kumbukumbu kamili hulipa laki moja. Yakizidi 7 hadi 11, laki mbili na nusu. Grafu ya safu hii ni ngazi. Mama lishe aliyeuza 4,000,000 hadaiwi kitu. Akiuza sahani moja zaidi ya wali na maharage, tuseme ya 2,000, anadaiwa 100,000. Jirani yake mwenye daftari kamili, kwa sahani hiyo hiyo, anadaiwa asilimia 3 ya kilichozidi milioni 4, yaani shilingi 60.

Najua utetezi wake. Ngazi ni rahisi kukusanyia kodi, na inamsukuma mtu atunze kumbukumbu. Urahisi naukubali. Huo msukumo ndio nisioukubali, kwa sababu haukupimwa. Toeni safu moja kwa nyingine mwone. Penye mauzo ya 4,002,000, kukosa daftari kunagharimu 99,940. Penye 7,000,000, ambapo mwenye daftari hulipa 90,000, kosa lile lile linagharimu 10,000 tu. Shilingi moja zaidi, na adhabu inaruka hadi 160,000. Ikifika milioni 11 imeshuka hadi 40,000. Katika kila ngazi, mwenye mauzo madogo ndiye anayeadhibiwa zaidi! Hakuna mwalimu wa maadili wala wa uchumi atakayeniambia kanuni gani inazaa umbo kama hilo. Na tusishangae mwenye kibanda akisita kuuza mwezi Desemba, au akisahau kuandika. Ameisoma grafu kwa tumbo lake, vizuri kuliko walioichora.

Lipo pia suala la kikoa, na hili linazigusa safu zote mbili. Kinachoingia katika fanksheni hii ni mauzo, wala si faida. Msusi na muuza sukari wenye mauzo sawa na madaftari sawa hulipa sawa, ingawa sehemu kubwa ya fedha za muuza sukari inarudi kwa aliyemuuzia magunia. Hata aliyepata hasara yumo ndani ya kikoa. Mwanafunzi anayekumbuka kuitoa namba 3 lakini haulizi x ni nini hajajua bado maana ya kikoa, na sisi wahadhiri tunampokea hivyo na kumwachia hivyo.

Kwa wanaharakati wanaoniuliza wadai nini Dodoma, Muswada wa Sheria ya Fedha unapojadiliwa mwezi Juni: daini safu ya wasio na kumbukumbu ianzie sifuri penye milioni 4. Itozwe asilimia 4 ya kinachozidi hapo. Itafika 120,000 penye milioni 7 na 280,000 penye milioni 11, juu kidogo ya inayolipwa sasa katika vilele vya ngazi, juu ya safu ya wenye madaftari kila mahali, na bila mruko hata mmoja. Afisa atakayelikataa pendekezo hili na atuwekee grafu yake mezani.