Leja isitupwe kabla programu haijapimwa

Vyama vingi vya msingi vya mazao, vyama vya akiba na kukopa na maduka ya pembejeo vimeingia katika matumizi ya kompyuta. Pale ambapo karani alikesha akijumlisha kilo za kila mkulima, sasa orodha ya malipo hutoka kwa kubonyeza mara moja. Hilo ni jambo la kupongezwa, kwa sababu leja nayo ilikuwa na maradhi yake: kurasa zilichanwa, tarakimu zilikwanguliwa kwa wembe, na mkulima aliyehoji aliambiwa arudi wiki ijayo.

Hata hivyo, programu nyingi za aina hiyo hazikununuliwa kwa kampuni kubwa. Zimetengenezwa na kijana wa hapo hapo, pengine mtoto wa mwanachama, aliyesoma kompyuta mwaka mmoja au miwili na anayetumia vifaa vilivyokuwapo tangu miaka ya 1990, kama vile Access na Visual Basic. Gharama yake ni nafuu na kijana anapata kazi. Hakuna ubaya katika hilo. Ubaya unaanza pale uongozi unapopokea programu leo na kuzifungia leja stoo kesho, kana kwamba kompyuta haiwezi kukosea.

Ni vema wanachama wakaelewa kuwa makosa ya anayeanza kazi hii ni ya aina mbili. Yapo yanayopiga kelele na yapo yanayonyamaza. Yanayopiga kelele hayana hasara kubwa, kwa sababu programu inagoma na kila mtu anajua kuna tatizo. Yanayonyamaza ndiyo yanayokula fedha za mkulima.

Mfano wa yanayopiga kelele ni majina yenye ng'. Kompyuta huulizwa maswali kwa lugha maalumu iitwayo SQL, na katika lugha hiyo alama ile ya juu ndiyo inayoonyesha mwanzo na mwisho wa neno. Karani akiandika Ng'wandu katika programu iliyoundwa kwa kuunganisha maneno ovyo, kompyuta inadhani jina limeishia kwenye Ng, inachanganyikiwa na kugoma. Kijana aliye na haraka humwambia karani aiache alama hiyo. Matokeo yake ni kwamba mtu mmoja anakuwa Ng'wandu kwenye stakabadhi na Ngwandu kwenye kompyuta, na benki inakataa kumlipa kwa sababu majina hayafanani. Dawa yake ni jina kupelekwa kwenye kanzidata likiwa limetengwa na swali lenyewe, na lugha zote za kawaida za programu zina njia ya kufanya hivyo. Ikumbukwe pia kuwa mlango huo unaogomesha programu ndio ambao mtu mwenye nia mbaya huutumia kuingiza amri zake mwenyewe.

Makosa yanayonyamaza ni hatari zaidi. La kwanza ni la tarehe. Hapa nchini siku huandikwa kwanza, kisha mwezi. Access, inaposoma tarehe iliyoandikwa kwa mikwaju ndani ya swali la SQL, hufuata desturi ya Marekani, yaani mwezi kwanza. Mzigo uliopokelewa tarehe 4/7 unaingia kama wa Aprili 7. Wa tarehe 13/7 unaingia sawasawa, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13. Hivyo basi, kati ya siku 12 za mwanzo za Julai, ni siku moja tu, yaani tarehe 7/7, inayobaki mahali pake. Siku nyingine 11 zinahamia miezi mingine bila kompyuta kusema neno. Mkulima anayedai malipo ya Julai anaambiwa mzigo wake haupo.

Kosa la pili ni la kuunganisha leja mbili. Chama huwa na orodha ya mapokezi ya mazao na orodha ya mikopo ya pembejeo, na namba ya mwanachama ndiyo kiungo. Kijana anayeanza huziunganisha kwa swali moja, kisha anajumlisha. Tuseme mkulima ameleta kahawa mara tano, jumla kilo 100, bei ni shilingi 3,000 kwa kilo, na alikopa mbolea mara moja kwa shilingi 50,000. Anastahili kulipwa shilingi 250,000. Lakini kompyuta imeuandika mkopo wake mmoja mbele ya kila mzigo kati ya ile mitano. Ikijumlisha, mkopo umekuwa shilingi 250,000, na mkulima anaondoka na shilingi 50,000.

Jirani yake aliyeleta mzigo wote mara moja na kukopa mara mbili anahesabiwa kilo zake mara mbili, na chama kinalipa kwa kahawa ambayo haipo. Yule ambaye hakukopa kabisa huenda asionekane kwenye orodha, kwa sababu kompyuta imeambiwa iwalete waliomo katika leja zote mbili tu. Katika swali moja mtu ameibiwa, mwingine amezawadiwa na wa tatu amefutwa, na karatasi iliyochapishwa inapendeza macho. Dawa yake ni kujumlisha kila leja peke yake kwanza, halafu kuziunganisha jumla hizo kwa kuanzia orodha ya wanachama wote.

Lipo na kosa la tatu, nalo ni la amri isiyo na mpaka. Kijana anataka kusahihisha namba ya akaunti ya mwanachama mmoja, anasahau kutaja ni mwanachama yupi, na kufumba na kufumbua wanachama wote wana akaunti moja. Aliyezoea kazi hii hatoi amri ya kubadilisha kabla ya kuuliza kwanza ni mistari mingapi itakayoguswa. Jibu likiwa 1, anaendelea. Likiwa 400, anasimama. Na bila nakala ya akiba iliyowekwa mbali na ofisi, kosa la namna hiyo halina tiba.

Wapo watakaosema kuwa suluhisho ni kuwaacha vijana na kununua mifumo ya kampuni kubwa. Yaliyotokea Uingereza yanaonyesha kuwa ukubwa wa kampuni peke yake si kinga. Kuanzia mwaka 1999, Shirika la Posta la nchi hiyo liliweka mfumo wa kompyuta uitwao Horizon, wa kampuni ya Fujitsu, katika ofisi zake ndogo, ambazo nyingi zilikuwa ndani ya maduka ya watu binafsi. Mfumo ulipoonyesha upungufu wa fedha, mwenye duka ndiye aliyedaiwa. Watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani, wengine wakafungwa na wengine wakafilisika. Desemba 2019 Mahakama Kuu ilitamka kuwa mfumo huo ulikuwa na kasoro zilizoweza kuleta upungufu usiokuwapo, na Mei 2024 ikapitishwa sheria ya kufuta hukumu hizo katika England, Wales na Ireland ya Kaskazini. Wafanyabiashara wadogo walipoteza miaka yao kwa sababu kauli ya mashine iliaminiwa kuliko ya mtu.

Kwa hiyo suala si nani aliyeitengeneza programu. Suala ni nani aliyeipima, na kwa kipimo gani. Kipimo chenyewe hakihitaji mtaalamu. Wachukuliwe wanachama kumi wenye hali tofauti: aliyeleta mara nyingi, aliyeleta mara moja, aliyekopa mara mbili, asiyekopa, aliyekopa bila kuleta chochote, mwenye jina lenye ng', na waliouza mwanzoni na mwishoni mwa mwezi. Hesabu zao zifanywe kwa mkono kutoka kwenye stakabadhi, kisha zilinganishwe na za kompyuta. Shilingi moja ikipishana, malipo yasitoke hadi sababu ijulikane. Leja na kompyuta vitembee pamoja msimu mzima, kuanzia mzigo wa kwanza hadi malipo ya mwisho.

Viongozi wa vyama wana wajibu mwingine pia. Mkataba na mtengenezaji useme wazi kuwa chama kitakabidhiwa nywila na msimbo wa programu, na kwamba watu wawili wa ofisini watafundishwa. Kijana akihama, chama kisibaki na sanduku lisilo na ufunguo. Aidha, alipwe kwa siku za majaribio kama anavyolipwa kwa siku za kuandika. Anayedaiwa programu ndani ya wiki mbili ataileta ndani ya wiki mbili, lakini majaribio yake yatafanyika juu ya fedha za wakulima.

Kwa vijana wenyewe, hakuna aibu katika makosa haya. Kila aliyejifunza SQL ameyapitia au ameyaona. Aibu ni kuyaficha, au kukataa kukaa na karani mzee anayejua mapokezi yanavyokwenda. Yule karani hajui SQL, lakini akiona orodha ya malipo atajua papo hapo kuwa jina fulani halimo.

Mkulima naye asikubali kupewa jumla peke yake. Adai karatasi inayoonyesha kila mzigo, tarehe yake, kilo zake, na kila mkopo aliochukua. Stakabadhi za mizani azitunze hadi malipo ya mwisho yatakapokamilika, maana siku ya ubishi hizo ndizo shahidi wake.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kompyuta ni daftari kama daftari lingine. Hadi msimu mzima upite na hesabu zake zikubaliane na za leja, ile leja ya zamani ibaki juu ya meza, si stoo.