Mfuko wa Dharura Usingoje Maradhi

Mwezi wa Machi 2020, maradhi ya korona yalipobisha hodi katika Visiwa vyetu, Serikali ilisimamisha ndege za watalii, na hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje zikafunga milango yake. Hatua ile ilikuwa ya lazima. Lakini haukupita muda mrefu kabla ya mhudumu wa hoteli, mvuvi aliyemuuzia hoteli samaki, dereva wa gari ya watalii na mama muuza viungo kujikuta wote katika hali moja: kazi hakuna, na mwezi mtukufu wa Ramadhani unakaribia.

Swali tunalopenda kulizungumza leo ni hili: katika siku kama zile, ni nani aliye karibu zaidi na mwananchi mwenye dhiki?

Jawabu halina utata. Ni jumuiya ndogo ndogo zilizomo katika shehia zetu: jumuiya za watu wenye ulemavu, vikundi vya akina mama wakulima wa mwani, kamati za misikiti, walezi wa mayatima, na vyama vya kufa na kuzikana. Hawa ndio wanaojua ni nyumba gani haikuwasha moto jana, na ni mzee gani asiye na mtu wa kumchotea maji ya kunawa mikono. Elimu hiyo haimo katika jalada la ofisi yoyote.

Hata hivyo, jumuiya hizi zina udhaifu mmoja mkubwa. Hazina yao ni mifuko ya wanachama wao wenyewe. Mwanachama akikosa mshahara, mchango wake nao hukatika. Kwa hivyo, haja inapozidi ndipo uwezo wa jumuiya unapopungua, na hapo ndipo msaada wa dharura unapotakiwa.

Hatusemi kwamba taifa lilikaa kitako. Mwaka ule ule wa 2020 mbio za Mwenge wa Uhuru ziliahirishwa, na shilingi bilioni 1 zilizokuwa zitumike zikaelekezwa Wizara ya Afya. Mwezi wa Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha mkopo wa dola milioni 567 kwa Tanzania, na Zanzibar ikapata fungu lake. Skuli, hospitali na miradi ya maji iliyotokana na fedha zile inaonekana kwa macho, na ni haki kuisifu. Lakini kutoka Machi 2020 hadi Septemba 2021 ni mwaka mmoja na nusu. Fedha kubwa hujenga nchi. Haziwahi njaa ya wiki ya kwanza. Njaa ya wiki ya kwanza huwahiwa na fedha ndogo iliyo karibu, tena iliyowekwa mapema.

Katika jambo hili si aibu kutazama wenzetu walifanya nini. Waingereza walipata misiba mfululizo mwaka 2017, ukiwemo moto wa jengo la Grenfell mjini London. Michango ilimiminika, lakini utaratibu wa kuifikisha kwa waathirika ulileta malalamiko. Kutokana na funzo hilo, Novemba 2019 ulizinduliwa mfuko wa taifa wa dharura, National Emergencies Trust. Miezi michache baadaye korona ikaingia. Mfuko ule haukuhitaji kuanza kuandika kanuni. Mwezi wa Machi 2020 ulitangaza mchango, na fedha, ambazo hatimaye zilikaribia pauni milioni 100, zikapitia mifuko ya jamii iliyokwishakuwepo mikoani, nayo ikazigawa kwa jumuiya ndogo ndogo. Huko Marekani nako, mwezi huo huo, taasisi nyingi za ufadhili ziliahidi kulegeza masharti: fedha iliyotolewa kwa mradi mmoja iruhusiwe kulipia mahitaji mengine ya lazima, na ripoti ndefu zisubiri.

Funzo ni bayana. Wenzetu hawakufaulu kwa utajiri peke yake, maana tajiri naye huchelewa. Walifaulu kwa kuwa mfereji ulichimbwa kabla ya mvua.

Wapo watakaouliza: je, haraka haitafungua mlango wa ubadhirifu? Hofu hiyo ina msingi. Jirani zetu wa Kenya waliona mwaka 2020 jinsi ununuzi wa vifaa vya korona ulivyozusha maswali mazito ya mkaguzi mkuu, na wananchi wakaandamana. Lakini dawa ya ubadhirifu si ucheleweshaji, ni uwazi. Fedha ndogo, ambayo hesabu yake imebandikwa katika ofisi ya sheha, hulindwa na macho ya mtaa mzima.

Kwa hivyo tunapendekeza yafuatayo. Kwanza, kila wilaya iwe na fungu la dharura kwa ajili ya jumuiya, likichangiwa na Serikali, wafanyabiashara, wenye hoteli na ndugu zetu walio ng'ambo, na lifanye kazi bega kwa bega na Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa. Pili, kamati ya kugawa isiwe ya maofisa peke yao. Wanawake, vijana na watu wenye ulemavu wawemo, wenye sauti kamili. Tatu, ombi liwe la ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, na jawabu litoke katika siku saba. Nne, msaada huu uwe ruzuku wala usiwe mkopo, kwani mwenye njaa haongezewi deni. Tano, maamuzi ya Pemba yafanyike Pemba; jumuiya ya Micheweni isilazimike kuvuka bahari kufuata saini Unguja. Na mwisho, kila senti isomwe hadharani baada ya kutumika.

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika chuo tulifundishwa kisa cha Nabii Yusufu, aliyeshauri nafaka iwekwe katika miaka ya neema ili watu wavuke miaka ya ukame. Hakungoja njaa ndipo ajenge ghala.

Leo watalii wamerudi, na hoteli zimefunguliwa. Miaka ya neema ndiyo hii. Viongozi wetu na wananchi kwa jumla, tusisahau upesi dhiki ya mwaka 2020. Maradhi mengine, au gharika, au ukame, hayatatuletea barua ya kutuarifu siku yatakayofika. Ghala lijengwe sasa.