Ubomoaji wa mabanda huyapa maradhi mwanya

KILA mara matingatinga yanapoingia katika mitaa ya mabanda jijini Nairobi, mjadala huwa wa ardhi: nani ana hatimiliki, nani alijenga ukingoni mwa mto, barabara itapita wapi. Ni nadra kusikia ikiulizwa wagonjwa waliokuwa wakitibiwa katika mabanda hayo wamekwenda wapi.

Swali hilo ni zito hasa kuhusiana na kifua kikuu. Tiba ya kawaida ya ugonjwa huu huchukua miezi sita, na mgonjwa hutakiwa kumeza dawa pasipo kukatiza. Kadi yake imo katika zahanati ya mtaa, na mhudumu wa afya ya jamii ndiye aujuaye mlango wake. Mlango huo ukibomolewa alfajiri, kadi husalia zahanatini naye mgonjwa hukimbilia kwa jamaa upande mwingine wa jiji. Akiacha dawa, viini vyaweza kuwa sugu, na kutibu usugu ni kazi ngumu na ghali zaidi. Isitoshe, huko alikopokewa mara nyingi ni chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi, chenye watu watano au sita, pengine bila dirisha. Viini vya kifua kikuu huenea kwa hewa, navyo havihitaji mazingira bora kuliko hayo.

Mifano tunayo. Mnamo Mei 2020, serikali ikiwahimiza wananchi wakae nyumbani kuepuka virusi vya corona, maelfu ya wakazi wa Kariobangi waliachwa bila makao. Siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta alisitisha ubomoaji kwa muda wa janga hilo. Hata hivyo, mwaka wa 2021 ilikuwa zamu ya Mukuru Kwa Njenga, ambako watu wengi mno walifurushwa kupisha barabara.

Ubomoaji wa 2024 kandokando ya mito, ukiwemo ule wa Mathare, ulikuwa na hoja yake: mafuriko yalikuwa yameua zaidi ya watu 200 nchini. Lakini Sh10,000 zilizoahidiwa kila familia, hata zikilipwa kwa wakati, ni kodi ya miezi michache tu. Baada ya hapo maskini hurudi palepale, au penginepo pabaya zaidi.

Nako huko ndiko kipindupindu hungoja. Mabomba ya plastiki hupitishwa ndani ya mitaro ya majitaka, na nguvu ya maji ikipungua, uchafu hupenya kwenye nyufa. Mlipuko uliotangazwa Oktoba 2022 uliwaugua watu zaidi ya 10,000 nchini. (Ajabu ni kwamba mkazi wa mabanda hununua mtungi wa lita 20 kwa bei ghali kuliko anavyolipa mwenye mfereji nyumbani.)

Kifungu cha 43 cha Katiba kinataja afya, makao na maji safi kwa pamoja. Sheria ya Ardhi, ilivyorekebishwa 2016, nayo inataka ilani ya angalau miezi mitatu kabla ya watu kuondolewa. Muda huo unatosha kabisa kwa maafisa wa afya wa kaunti kupita nyumba kwa nyumba, kuorodhesha walio kwenye tiba na kuhamishia kadi zao kule wanakokwenda, mradi tu ilani hiyo iwafikie nao pia.